Chaki Nyekundu

Misa ilipokwisha watu walibaki uani mwa shule wakisalimiana na kusengenyana kidogo, lakini Mama Brashi hakuwa na muda huo. Tangu tetemeko liangushe tao kubwa la mbele ya altare, waumini walikuwa wakisali kwenye ukumbi wa shule, na ukumbi wa shule, kwa maoni yake, haukuwa mahali pa kusugua. Ni sakafu ya saruji iliyopakwa rangi. Unapitisha tambara mara moja, kazi imekwisha. Mikono ilikuwa inamwasha. Ng'ambo ya uzio wa mabati, chini ya turubai, mawe ya tao lenyewe yalikuwa yamelazwa na vumbi lake, na hakuna hata mtu mmoja aliyefikiria kuyapangusa uso.

Jina hilo hakupewa kwa dharau. Alikuwa amesugua sakafu ya kanisa kuu tangu alipofiwa na mume, kwa hiari yake, na mapadri waliokuja na kuhamishwa walimkuta amepiga magoti wakamwacha amepiga magoti, mara nyingi zaidi mkononi akiwa na brashi kuliko rozari. Na sasa alikuwa na sababu ya ziada ya kuliona kanisa ni la kwake: msimamizi wa mafundi waliopewa kazi ya kulirudisha tao alikuwa mwanawe wa pekee. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi chini ambayo mwashi hupimia wima wa ukuta, kwa kuwa tangu aanze kazi hakuna ukuta wake uliowahi kuinama. Mama alikuwa amewaeleza wanawake wote wa jumuiya habari hiyo, na waliokwisha kuisikia aliwaeleza tena.

Mlinzi wa lango la mabati, mwanamume mnene mwenye redio ndogo isiyombanduka sikioni, alisimama alipomwona na ndoo.

"Shikamoo mama. Fundi leo hayupo."

"Marahaba. Fundi nimemnyonyesha mwenyewe, najua alipo. Nifungulie nikayaoshe yale mawe."

"Mama, humu haingii mtu bila kofia ngumu. Amri ya mhandisi."

"Kofia ya nini? Tao limekwisha anguka. Kitaniangukia nini tena?"

Mlinzi alipunguza sauti ya redio. Alifungua lango, na kwa kuwa alilelewa vizuri kwao, akamtekea maji pia.

Mawe yalikuwa yamepangwa kwa safu juu ya mbao, mazito, mapana juu na membamba chini. Kilichomkera Mama Brashi kuliko vumbi ni michoro. Uso wa kila jiwe ulikuwa umechafuliwa kwa chaki nyekundu, vijiti na viduara na alama zisizo na kichwa wala miguu. Chaki ile aliijua sana. Mwanawe hurudi na vipande vyake mfukoni, na mjukuu wake huvichukua akachora ukuta wa sebule, na kila jioni ni yeye bibi anayefuta. Akaona moja kwa moja kwamba watoto wa mafundisho wamepenya chini ya mabati wakaja kuchezea mawe ya altare. Kwamba ule ungeweza kuwa mwandiko wa mtu mzima, tena wa mwanawe, halikumjia akilini, ingawa walimu wa shule ya msingi walikwisha mwita mara kadhaa kuhusu mwandiko huo huo.

Alikunja mikono akaanza. Alitumia sabuni ya kipande na brashi laini, jiwe baada ya jiwe, akiimba sauti ya pili kwa sababu ya kwanza hakuwepo wa kuiimba. Masizi ya mishumaa ya miaka na miaka yalitoka kwenye nyuso zile, ikatoka na ile michoro myekundu. Alijaribu kuyageuza ili aoshe na upande wa nyuma, lakini hata lile dogo kuliko yote halikutikisika. Alirudi nyumbani amechoka mgongo na amefurahi moyo, wala hakumwambia mtu, kwa kuwa alitaka mwanawe akayaone mwenyewe.

Kesho yake Timazi alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya tetemeko. Mkewe alikuwa kwenye cherehani sebuleni anashona sare za shule, na mama alikuwa amekaa karibu na dirisha anachambua maharage kwenye ungo. Timazi alikaa kitini na buti zake zenye udongo. Mkewe, ambaye siku nyingine angemfukuza na buti zile mpaka barazani, alisimamisha cherehani akamtazama tu.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Namba zimefutwa."

"Namba gani?"

"Za mawe. Zote. Kuna mtu kaingia jana akayaosha. Kayaosha na sabuni, mke wangu, yananukia."

Mkono wa Mama Brashi ulibaki ndani ya ungo.

"Si mtaandika tena?" aliuliza mkewe.

"Tuandike nini? Mawe ya tao hayalingani. Kila moja lilichongwa kwa ajili ya jirani yake, na ukilikosesha jirani, tao halikazi, linakuja chini. Tulipokuwa tunayatoa kwenye kifusi tuliangalia kila moja limeangukia wapi, ndipo tukaliandika namba. Sasa kifusi kimekwisha zolewa."

"Na picha? Siku hizi hata ukikata keki unapiga picha."

Timazi alivua kofia yake nyeupe ya msimamizi akaiweka gotini. Mafundi wote walivaa za njano. Nyeupe ilikuwa moja. "Mhandisi alitaka tuyapige picha Jumamosi. Mimi ndiye niliyesema watu wamechoka, tutapiga Jumatatu. Nikamwambia, nani atakwenda kugusa mawe ya kanisa siku ya Bwana?"

Aliendelea kuwaeleza, akiiambia zaidi ile kofia kuliko wao. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikwisha fika. Mwenyekiti huyo alikuwa na duka la saruji na nondo, na tangu mwanzo alisema mambo ya kuchongachonga mawe ni kupoteza wakati, tao limwagwe la zege. Sasa amepata mdomo. Kama mawe hayapangiki, yatapondwa yawe kokoto za njia ya kuingilia kanisani, na mtu wa kwanza kuondoka kazini ni msimamizi aliyeshindwa kuyatunza.

"Nikitolewa kwenye kazi ile mbele ya mji mzima," alisema, "nani atanipa ukuta mwingine nijenge?"

"Na aliyefuta hajulikani?" Mkewe ndiye aliyeuliza. Mama aliona afadhali.

"Mlinzi anasema hakuona mtu. Mhandisi kamsimamisha. Mwenyekiti anataka apelekwe polisi, anasema kahongwa."

Mama Brashi alisema maharage yana mawe mengi mwaka huu, akainuka akaenda uani.

Mkwe wake alimfuata baada ya Timazi kurudi kazini. Alimkuta anafua, na maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi. Aliingiza mkono akavuta kilichokuwa ndani.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni aproni."

"Kwamba ni aproni naiona."

Mama Brashi hakuwa na kipaji cha kuficha, na hakuona sababu ya kuanza kujifunza uzeeni. Alimweleza yote, ndoo, sabuni, mlinzi na watoto wa mafundisho ambao hawakuwepo. Mkwe alishusha pumzi, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kwa hiyo mlinzi anajua, na hajasema."

"Angekuwa amesema, tungekuwa tunaongelea hapa?"

"Basi tunyamaze, mama." Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshafikiri mbali. "Sisemi kwa ubaya. Wakijua ni mama yake, mwenyekiti atasema ni yeye mwanao aliyekupa ruhusa. Atasema tumefanya kanisa nyumba yetu. Mkosaji asiyejulikana ni aibu ya kamati. Mama anayejulikana ni aibu yetu."

Lilikuwa neno lenye akili, na Mama Brashi alilikubali. Alilikubali jioni yote, wakati Timazi anakula vijiko viwili na kusukuma sahani. Alilikubali mpaka asubuhi, alipokuwa anatandika kitanda chake na kumkumbuka mlinzi akimtekea maji. Hapo likamshinda.

Alimkuta mlinzi kwake, amefungua redio vipande vipande kwenye meza, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningesemaje, mama? Kwamba mama wa fundi kaja na ndoo, na mimi mlinzi nikambebea maji?" Alipuliza vumbi kwenye betri. "Hapo tungeondoka wote. Nikaona niondoke mimi. Mimi nimezoea kufukuzwa."

"Mtu hazoei kufukuzwa."

"Anazoea." Akafikiri kidogo. "Ila hii ya polisi ndiyo mpya."

Mke wa mlinzi alipita na beseni la nguo, akamwamkia mama kwa heshima zote, na katika heshima ile Mama Brashi alisikia kwamba mke naye anajua. Aliona haya kweli kweli. Alikuwa amewahi kuona haya mara chache maishani, na hakupenda hali ile hata kidogo.

"Vaa viatu," alimwambia mlinzi. "Twende tukamalize jambo hili."

Ofisi ya ujenzi ilikuwa kontena lenye dirisha lililokatwa ubavuni. Ndani walikuwamo mhandisi, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti hata akiwa juu ya jukwaa la ujenzi kwenye upepo, Timazi, amesimama, na mwenyekiti wa kamati, amekaa kwenye kiti cha Timazi. Mama Brashi aligonga mara moja akaingia bila kungoja, mlinzi nyuma yake.

"Hodi tena baadaye, mama, tuna kikao," alisema mwenyekiti.

"Najua. Nimekuja kikaoni. Mawe niliyaosha mimi."

Timazi alimgeukia mama yake.

"Nilidhani watoto wameyachora," aliendelea mama. "Huyu alinizuia getini, mimi nikampita kwa maneno. Mwanangu hakujua lolote, amejua sasa hivi, mwangalieni. Kama ni polisi, niitieni mimi, na gari lao lije mpaka mlangoni kwa sababu magoti yananiuma."

Mwenyekiti alicheka kwa pua. "Kumbe huu ni mradi wa familia. Mwana anaandika, mama anafuta. Nani anapika?"

Hapo Timazi aliinamisha kichwa. Mama alikiona kile kichwa kikishuka, kichwa alichokinyoa mwenyewe mtoto alipotimiza siku arobaini. Angekubali kufungwa kuliko kukiona vile.

Mhandisi hakucheka. "Mama, ulitumia nini?"

"Sabuni ya kipande na brashi."

"Hukutumia tindikali?"

"Mimi si mwendawazimu, mwanangu."

"Na uliyasugua pande zote?"

"Uso tu. Nilishindwa kuyageuza."

Mhandisi alimtazama Timazi, na Timazi akakiinua kile kichwa. Walitazamana hivyo kwa muda, kama watu wawili waliosikia harufu moja ya moshi. Kisha mhandisi akavuta pumzi akarudi kwenye jambo lililokuwa mezani.

"Kosa la mama ni la mama. La kuyaacha mawe bila picha ni lako, fundi, na ni langu mimi niliyekusikiliza. Langu nitalieleza kwa walionituma, na halitanipendeza. Lako ni hili." Alinyoosha mkono. Timazi alielewa, akavua kofia nyeupe akampa. Mhandisi aliitundika kwenye msumari juu ya mlango. "Itakaa pale mpaka tao lisimame lenyewe. Likisimama utaichukua. Lisiposimama, ataichukua mwingine. Wakati huo utafanya kazi na ya njano kama wenzako."

"Na zege langu?" aliuliza mwenyekiti.

"Zege haliozi, mwenyekiti. Lisubiri." Akamgeukia mlinzi. "Wewe rudi langoni, na redio iache nyumbani. Na wewe mama, lango hili usilipite tena mpaka nikuite."

"Nimesikia," alisema Mama Brashi, akatoka. Nje, mafundi walikuwa wanakunywa chai wamekaa kwenye mifuko ya chokaa. Walimwamkia mmoja mmoja, na kila mmoja aliangalia pembeni Timazi alipotoka kichwa wazi kwenda kutafuta kofia ya njano ya kumtosha.

Nyumbani Timazi hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alimwamkia mama yake kila asubuhi kama inavyopasa, kisha mengine yote akayapitisha kwa mjukuu. "Muulize bibi kama amemaliza gazeti." Na bibi, aliyekaa umbali wa mkono mmoja, alijibu, "Mwambie baba gazeti liko palepale alipolikalia." Mtoto aliona ni mchezo mzuri sana, akawa anabeba maneno huku na huku na kuongeza ya kwake. Lakini Mama Brashi mchezo huo ulikuwa unamwuma. Alikuwa amezoea mwanawe amwambie kila kitu cha kazini, hata yale asiyoyaelewa.

Mkwe alivumilia, halafu akachoka. Asubuhi moja alimchukua mtoto kwa mkono, akawaambia wawili wale kwamba anakwenda dukani na atakawia, na kwamba akirudi anataka kukuta watu wanaongea. Akafunga mlango.

Walikunywa chai.

"Nifokee," alisema mama hatimaye. "Fokea kidogo, halafu tuendelee na maisha."

"Siwezi kukufokea, wewe ni mama yangu. Na kucheka bado siwezi, inauma." Timazi aliizungusha ile kofia ya njano mezani. "Unajua inauma wapi? Si ile siku ya kontena. Ni wenzangu. Wananipa pole, mama. Mtu ananipitishia nyundo huku ananipa pole kana kwamba tumezika."

"Ningejua ni mwandiko wako nisingegusa."

"Ungejuaje? Hata mimi siku nyingine siujui." Alisema hivyo bila kutaka kuchekesha, lakini mdomo wa mama ulitikisika, na wa kwake ukafuata, na wote wawili wakacheka kicheko kifupi kilichowashangaza. Timazi alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akaanza kusema, kama zamani.

Alisema walikuwa wamechora duara la tao lote kwenye uwanja wa ndani ya uzio, kwa kamba na kigingi, kwa ukubwa wake uleule, ili mawe yapangwe kwanza yakiwa yamelala chini bila chokaa. Walikuwa wameyageuza yote. Upande wa nyuma, ule ambao mama hakuufikia, masizi yalikuwa bado yapo. Na masizi hayakai ovyo: mishumaa ya kanisa ilikuwa imewaka kushoto kwa altare tangu enzi na enzi, kwa hiyo mawe ya kushoto yalikuwa meusi kuliko ya kulia, na ya chini yalikuwa meusi kuliko ya juu. Mhandisi alikuwa amewapa taa kali, wakayapanga kwa weusi kwanza. Baada ya hapo ni kuyajaribu, ubavu kwa ubavu, mpaka jiwe limpate jirani yake.

"Na utajuaje kwamba limempata?"

"Unapitisha kiganja. Likiwa lenyewe, hupati mahali pa kuingiza hata ukucha."

"Kwa hiyo ningekuwa na nguvu za kuyageuza..."

"Tungekuwa tunaponda kokoto. Mshukuru Mungu umezeeka, mama."

Mkwe aliporudi na kiberiti tu mkononi, aliwakuta wameinama juu ya meza wanapanga vipande vya mkate kwa upinde.

Amri ilikuwa asipite langoni, na Mama Brashi hakupita. Amri haikusema lolote kuhusu tundu la msumari kwenye bati la upande wa uwanja. Alikwenda kila alipomaliza kazi zake, akaliwekea tundu lile jicho, na mlinzi alijishughulisha na upande mwingine wa uzio kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kazini.

Aliwaona wakibeba jiwe kwa fimbo na minyororo, wanalishusha, wanalisukuma kwa nondo, Timazi anapiga magoti anapitisha kiganja, anatikisa kichwa, wanaliinua tena. Jiwe moja lenye pembe iliyomeguka lilizungushwa mahali pote likakataliwa pote. Mafundi walianza kuliita "mkwe," kwa sababu kila nyumba lilipopelekwa lilikuta lawama, na mshonaji wa sare aliposikia jina hilo nyumbani alisema angependa kujua limetungwa na nani. Timazi aliendelea kula mkate.

Mwenyekiti wa kamati alikuja siku jiwe hilo lilipopata mahali pake. Mama alimwona kupitia tundu lile amesimama na mikono nyuma wakati "mkwe" anasukumwa kwenye nafasi ya mwisho iliyobaki kulia, karibu na kilele. Liligoma. Timazi aliomba kabari ndogo ya mbao, akaligonga kwa chini mara moja, taratibu, na jiwe likateremka na kutulia kwa sauti nzito ambayo Mama Brashi aliisikia ng'ambo ya bati. Mhandisi akalisogelea, naye akapiga magoti na suruali yake safi akapitisha kiganja. Akainua uso akaitikia kwa kichwa.

"Chini hata mimi naweza kupanga," alisema mwenyekiti. "Ardhi inabeba chochote. Tutaona juu."

Na kwa hilo hakuwa amekosea, na kila mtu uwanjani alilijua.

Waliyapandisha mawe juu ya kiunzi cha mbao kilichokunjwa kwa umbo la tao, safari hii kwa chokaa, kila moja na namba yake iliyopakwa rangi mgongoni na picha zake ndani ya kompyuta ya mhandisi. Walipomaliza waliacha chokaa ikaze. Ikafika asubuhi ya kuondoa kiunzi.

Mhandisi alimtuma mlinzi kumwita Mama Brashi. Alikuja na nguo yake ya Jumapili, na ndoo.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kanisani tangu tetemeko. Viti vilikuwa vimeondolewa, sakafu yake yote imefunikwa na vumbi la chokaa na vipande vya mbao, na aliliona hilo kabla ya kuona tao. Kisha akainua macho. Lilikuwa juu kule, jeupe, limekamilika, limelalia kiunzi chake. Mafundi walikuwa pande mbili na nyundo zao, tayari kugonga kabari zilizoshikilia mbao. Kabari zikitoka, kiunzi kitashuka, na tao litabaki na mawe yake tu. Mwenyekiti wa kamati na wenzake walisimama nje ya mlango mkuu, mahali ambapo hata kanisa zima likianguka wao wangepata kusimulia.

Waashi wale walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewalazimisha. Kiunzi kinapoondolewa, msimamizi husimama chini ya tao lake.

"Leo hamna msimamizi," alisema mhandisi. "Kofia iko msumarini. Hakuna anayelazimika kusimama."

"Nitasimama," alisema Timazi.

"Kwa cheo gani?"

"Bila cheo." Akafunga mkanda wa kofia yake ya njano chini ya kidevu, akaenda kusimama katikati, chini ya jiwe la kilele.

Mama Brashi aliweka ndoo chini, akaiinua tena, akaanza kutembea.

"Mama, baki mlangoni," alisema mhandisi.

"Yeye anasimama pale kwa sababu aliyapanga." Hakusimama wala hakuharakisha. "Mimi ndiye niliyeyavuruga. Ikiwa lipo lililokaa vibaya, sitaki limwangukie peke yake."

Nyundo zilikuwa zimeinuliwa na hakuna aliyezishusha. Mhandisi alimwangalia mama, akamwangalia Timazi, akaliangalia tao alilokuwa amelipigia hesabu mara nyingi kuliko alivyomwambia mtu. Kisha akamnong'oneza mlinzi. Mlinzi alikimbia, mwili wake wote ukikimbia pamoja naye, akarudi na ile kofia nyeupe.

"Humu haingii mtu bila kofia," alisema mhandisi. "Fundi, chukua yako."

Timazi aliipokea. Aliipangusa vumbi kwa kiwiko, akaitazama ndani na nje. Kisha akamvalisha mama yake juu ya kilemba, akamfunga mkanda kidevuni kama alivyofungwa yeye kofia ya baridi alipokuwa mdogo.

"Inabana?"

"Ni kubwa. Gongeni."

Wakagonga, kushoto na kulia kwa mpigo mmoja. Kabari zililegea, kiunzi kikalia, kikashuka kiasi cha kidole. Juu yao tao lilitoa mlio mmoja mfupi, mawe yakiegemeana kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa. Chokaa kidogo ikamwagika mabegani mwao. Timazi alikuwa amemshika mama yake mkono, wala hakumbuki ni nani alianza kumshika mwenzake. Walisubiri. Mwanga ulipita kati ya mbao na mawe, mstari mwembamba kutoka ukuta hadi ukuta, na tao likabaki pale lilipo.

Mafundi walianza kupiga nyundo zao kwenye mabomba ya jukwaa, kelele isiyo na adabu kanisani, na mhandisi hakuwakataza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya altare, ametazama chini, anapumua. Mwenyekiti aliingia akasema tangu mwanzo alikuwa na imani.

Timazi alikuwa bado ameinua uso, anaangalia juu, machozi yanamtiririka waziwazi mbele ya watu wote. Alihisi kitu kikimgusa buti. Mama yake alikuwa amepiga magoti, kofia nyeupe imemwangukia usoni, na brashi ilikuwa imekwisha lowana.

"Sogeza mguu," alisema mama. "Umenikanyagia chokaa."

Timazi akasogea.